Nilivyoisoma Filamu ya Mazimwi Bandani

Leo ni Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025.

Generosa, nimeaibika! Nimetoka sasa hivi kwenye banda la video hapa Makole.

Binti yangu Munira alinipeleka kutazama filamu ya Kichina ya mazimwi, yenye maandishi ya Kiswahili chini. Nami nikayasoma kwa sauti, kama tusomavyo kwenye darasa letu la watu wazima.

"Mama, soma kimoyomoyo!" akaninong'oneza.

Ningewezaje? Zimwi lilikuwa limewatafuna askari wote! Mjumbe akaanguka mbele ya mfalme, nami nikasoma kwa nguvu: "Mtukufu, jeshi lote limelewa!"

Limelewa, Generosa! Iliandikwa "limeliwa".

Banda zima likaangua kicheko. Kijana mmoja akadakia: "Ndiyo maana wameshindwa!" Mwenye banda akanijia: "Mama, nyamaza au utoke."

Nikainuka, machozi yakinilenga. Ndipo watu wakapiga kelele: "Mwache mama asome! Toka wewe!"

Nikaketi, nikasoma hadi mwisho. Neno "limeliwa" lilipotokea mara ya pili, nililiona vizuri kabisa. Nikasoma "limelewa".

Wapelekee wanadarasa wenzetu wote ujumbe huu. Mwalimu tu asiupate.