Honi Mpya ya Gari la Kliniki

Jumanne, jioni. Mvua imekatika tangu saa saba, na upepo wa ziwani unaingiza baridi hadi hapa mezani. Miguu yangu bado ina matope, lakini nitaandika kwanza, nitaoga baadaye.

Leo tumepiga honi mpya.

Nianze na jambo ambalo nimelificha hata kwenye kurasa hizi. Kila mwezi mimi na Mzee Kulwa, dereva wetu, tunapeleka kliniki ya watoto katika kijiji kipya mbele ya Usagara. Siku yenyewe haitabiriki; petroli ikipatikana leo, tunakwenda leo. Nyumba zimepangwa mstari barabarani, ila mashamba ya pamba yamebaki kule watu walikohama, nyuma ya kilima cha mawe. Gari likifika, akina mama wako kule. Na honi iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa na sauti ya kifaranga mwenye mafua. Haikuvuka hata uwanja wa shule.

Miezi mitatu iliyopita walikuja akina mama tisa tu. Nikawahudumia, kisha nikamwambia Mzee Kulwa tuondoke kwa sababu barafu ya chanjo inayeyuka.

Barafu ilikuwa nzima. Nilikuwa nimesikia kwamba duka la ushirika limeleta sukari, iliyokuwa adimu.

Wiki tatu baadaye nilimkuta Nyanjige, mama wa kijiji kile, wodini kwetu Mwanza. Mwanawe Maduhu alikuwa na surua, macho yamevimba, kifua kinakoroma. Akaniambia bila hasira, "Hatukusikia gari, sista. Nilikuwa napalilia. Nilipofika barabarani niliona vumbi lenu tu."

Nikarekebisha shuka la mtoto, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Maduhu alipona, namshukuru Mungu. Mimi ndiye sikulala vizuri. Ndipo nikaanza kumsumbua daktari wetu kuhusu honi. Alinitazama kama vile nimeomba kupaka gari rangi ya waridi, lakini mwishowe akaandika ruhusa, kwa sharti kwamba honi ya zamani itunzwe.

Aliyekuwa mgumu ni Mzee Kulwa.

"Sista, hili si basi la abiria," alisema. "Nimewahi kupiga honi kubwa nyuma ya ng'ombe. Walikurupuka wakamkanyaga mchungaji mguu. Sitaki tena."

Nilimweleza tu habari za Maduhu, zote, pamoja na sukari. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia. Akafuta kioo cha gari ambacho alikuwa amekwisha kukifuta. Kisha akasema, "Twende kwa fundi."

Fundi Selemani wa Kirumba alikuwa na honi mbili za duara, moja ya sauti nene na moja nyembamba, alizoleta kutoka Nairobi kabla mpaka wa Kenya haujafungwa. Juzi alizifunga kwa nyaya zilezile za zamani. Zikalia mara moja, tukaruka wote watatu, halafu kimya na harufu ya kuungua. Fyuzi ilikuwa imeungua. Nilitaka kulia pale pale gereji. Fundi akacheka, akasema nyaya zile ni nyembamba, haziwezi kulisha honi kubwa namna hii. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka na rilei, kikopo kidogo ambacho hupitisha umeme mkubwa ili swichi ya usukani isibebe mzigo wote. Zilipolia tena, wauza samaki waliokuwa wanapita walisogea pembeni wakidhani ni lori.

Asubuhi hii, karibu na Usagara, tulikuta kundi la ng'ombe limeziba barabara. Mzee Kulwa aliondoa kabisa mkono kwenye honi. Tukasubiri hadi ng'ombe wa mwisho alipovuka, na mchungaji akatupungia fimbo.

Kijijini Mzee Kulwa hakusimama shuleni kama kawaida. Alipandisha gari hadi juu ya mwinuko, akaligeuzia kwenye kilima cha mawe, akapiga mara tatu, ndefu.

Hakuna kitu. Kunguru tu waliruka.

Nilijisemea moyoni, basi, tumefanya kazi bure.

Halafu khanga nyekundu ikatokea kati ya mawe. Nyingine. Wakashuka wengi, majembe begani, watoto mgongoni, wengine wanakimbia na kucheka. Chanjo zilikwisha kabla foleni haijaisha, na nimewaahidi waliobaki kwamba tutarudi kabla ya wiki kuisha. Daktari amekubali.

Nyanjige alikuwa katikati ya foleni. Zamu yake ilipofika, niliona nikinyamaza tena sitasema kamwe.

"Siku ile barafu haikuyeyuka," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyetaka tuondoke. Nilikimbilia sukari."

Alinitazama muda mrefu. Akina mama wa nyuma yake wakaacha kuzungumza.

"Uliipata?" akauliza.

"Nilikuta imekwisha."

Hakucheka, wala hakunitukana. Alimfungua Maduhu mgongoni, akamvua shati taratibu, akanikabidhi mikononi.

"Leo umeita, nimekuja," alisema. "Mpime."

Nilimning'iniza kwenye mizani. Akapiga mateke kwa nguvu hadi mshale ukakataa kutulia, nikalazimika kusoma mara tatu. Ameongezeka uzito.

Sijui kama nimesamehewa. Hakusema, na sikuomba aseme. Ila Ijumaa tunarudi kule, na nimeamua kuiacha saa yangu hapa nyumbani; tutaondoka foleni ikiisha.