Daftari la Sindano

Jumanne jioni, Kilakala

Mama Perpetua amelifuata daftari lake mwenyewe leo, ameshuka na lori la kabichi kutoka Mgeta. Ndiye muuguzi wa zahanati ya kijiji. Niliazima daftari la sindano za wagonjwa wa kifua kikuu kwa wiki moja, ninakili habari zao kwenye kadi za kompyuta, zile za kutoboa matundu, kwa utafiti wangu wa shahada ya pili. Nimekaa nalo miezi mitatu.

Nilimwamkia, nikaanza kusingizia kwamba mashine ya kusoma kadi kule Dar imeharibika. Uongo mtupu. Nilimaliza kunakili zamani, nikaona uvivu kupanda mlima kulirudisha.

"Bila daftari sikujua nani kakosa sindano, mwanangu," alisema. "Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba. Mzee Kobelo nikamsahau."

"Anaendeleaje?"

"Anatema damu tena. Nimekuja naye, nimemwacha hospitali."

Nikamuuliza kama mzee anajua daftari lilikuwa kwa nani.

"Sijamwambia mtu. Wewe bado unasoma."

Afadhali angenigombeza. Kesho asubuhi nitakwenda wodini nimwambie mzee mwenyewe. Naogopa sana asije akanishukuru kwa kumtembelea kabla sijafungua mdomo.