Pengo la Mama Daktari

Yunisi mdogo wangu, Damari amekuwa daktari! Daktari wa meno, mwanangu mimi niliyeishia darasa la tano.

Nimetanguliza hilo, salamu zifuate. Marahaba, maana najua shikamoo yako imeshakutoka mdomoni. Hapa Kinampanda tu wazima, shemeji yako Raymond anavuna alizeti na mgongo wake uleule. Hapo Itigi mume na watoto wanaendeleaje?

Picha ya joho nimempelekea hata mjumbe, ambaye hakuniuliza. Mama Enock akasema kwani ni huyo tu aliyesoma. Nikamwambia amlete wa kwake tumwone.

Sasa kaa chini. Unayakumbuka meno yangu mawili niliyozibwa kwa madini kule mjini, yanayometa nikicheka? Kwenye kwaya walisema wamesikia redioni kwamba madini hayo yana zebaki ndani, ile ya kukamatia dhahabu machimboni, na kwamba inakula kumbukumbu za wazee. Siku hizo nilikuwa naitia mboga chumvi mara mbili, na jina la katekista likanipotea mbele yake. Sikutulia. Nilienda mnadani Misigiri kwa mng'oaji, nikayatoa yote mawili.

Ndipo nikampigia Damari, nikasingizia kuna mama mmoja wa kwaya. Akasema wataalamu bado wanachunguza, hakuna aliyethibitisha. Huyo mama asing'oe jino lisilouma, aende apimwe, maana usahaulifu una sababu nyingi, na nyingine zinatibika. Nikaitikia, ulimi uko kwenye pengo.

Pengo ningelificha kwa khanga. Ila wiki iliyopita nilimbebea shangazi Anastazia unga hadi Iguguno. Binti yake akaupokea, akanikalisha, akaniambia polepole kwamba shangazi tulimzika mwezi wa nne, na nyimbo nilianzisha mimi.

Raymond hajui. Wewe ndiye wa kwanza. Siku ya sherehe ya Damari ukae ubavuni pangu, na nikianza kumzungusha kwa maneno, wewe mwambie yule mama wa kwaya ni nani. Nataka anipime yeye, kabla sijasahau kwamba ni daktari.

Wasalimie wote, na mkwe wako mzee umpe shikamoo yangu.

Mje wote Jumamosi ya tarehe ishirini na nane mwezi huu. Nimeiandika na ukutani kwa mkaa. Nikikupigia simu nikataja siku nyingine, usinisikilize, fuata barua hii: Jumamosi, tarehe ishirini na nane.

Dada yako,
Mama Daktari