Mlio wa Skuta Kwenye Simu

Njombe, Jumamosi usiku

...na katika yote niliyomweleza Neema, binti wa Makambako, aliponunua skuta yangu asubuhi, nilisahau habari ya baridi. Magoti yangu hayaiwezi tena skuta hiyo. Mke wangu ndiye aliyesisitiza niiuze.

Jioni Neema akapiga simu kutoka Makambako. "Babu, imegoma kuwaka."

Nakiri nilitamani airudishe.

"Vuta choki, kile kidude cha kuwashia, mjukuu wangu. Ilaze kidogo upande wa kushoto, usubiri. Kukiwa na baridi mafuta huchelewa kupanda, kwa sababu..."

"Babu, imewaka."

Mke wangu akaacha kumenya viazi, akaja kusikiliza mlio wake kwenye simu. Miaka yote alipanda nyuma yangu kwenda kanisani, akilalamika kwamba mlio ule unampasua kichwa.

Nilipotaka kuaga, akanishika mkono.

"Usikate kwanza."