Mstari Unaokatika Kiirua

Baba,

Sauti iliyobaki masikioni mwangu si ya kwaya siku tulipokuzika, wala ya udongo. Ni ile milio miwili ya laptopu yako, wa juu kisha wa chini, inapotangaza kwamba kidude cha GPS kimechomolewa. Niliisikia likizo ya Agosti. Tulikuwa tumefika Kiirua, ukaniambia nishuke ninywe chai hotelini, una ng'ombe mmoja wa kuangalia "hapo tu ndani". Kabla sijafunga mlango wa pikapu, nikaisikia. Nikaenda kunywa chai. Ulirudi baada ya saa moja na nusu, viatu vina tope jekundu, ukaniuliza kama chai ilikuwa na maziwa ya kutosha.

Baada ya mazishi niliiomba ile kompyuta. Mama akasema, "Chukua, mimi naifanyia nini?" Nikaja nayo hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, nikaiweka kwenye meza ninaposahihishia vitabu vya wanafunzi. Wiki mbili sikuigusa. Kisha nikaifungua na sikuweza kuacha.

Unajua ni mimi niliyekuwekea programu ya ramani. Nilikufundisha kukibandika kidude kwenye dashibodi na kungoja kipate setilaiti, nawe ukawa unawatambia madaktari wenzako wa mifugo pale Meru mjini kwamba gari lako lina macho. Kila safari iliacha mstari mwekundu. Nilizipitia zote. Nkubu, Mikinduri, Timau, kila boma lina nukta na jina la mwenye ng'ombe. Lakini kila Alhamisi mstari unafika Kiirua, kando ya kinu cha posho, na unakatika. Baadaye unaanza tena palepale. Alhamisi kumi na tisa, Baba. Ukikatika mara moja, nitasema ni waya mbovu. Ukikatika kila Alhamisi, kuna mkono.

Nikamkumbuka yule mwanamke wa leso ya kijani, aliyelia mazishini kuliko shangazi zangu na akaondoka bila kula. Nilimuuliza Mama kama anamjua. "Baba yako alikuwa na watu wengi," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe. Hata yeye nikamshuku. Darasani nilikuwa nikiita majina huku nikijiuliza kama kuna shule fulani ambako mtoto mwingine anaitwa kwa jina lako.

Jumamosi moja nilikuja nyumbani, nikamwambia Mama naizungusha pikapu kidogo betri isife. Nikaenda Kiirua, kompyuta iko kwenye kiti nilichozoea kukalia. Penye kinu mstari ukaisha, nami sikujua pa kugeukia. Mwendesha boda mmoja akachungulia dirishani. "Madam, wewe ndiyo unaiuliza hiyo mashine njia ama yenyewe inakuuliza?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikasema namfuata daktari wa ng'ombe. Yule wa kwanza akasema, "Huyo alikuwa anaenda kwa Mama Kagendo. Kila wiki lazima asimame hapa atuulize njia, na anaijua!"

Mama Kagendo ndiye wa leso ya kijani. Angeweza kuwa mama yako. Zizi lake ni tupu, limefagiliwa.

"Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya," akaniambia. "Nikampigia baba yako, nikaanza kumweleza njia. Akanikatiza. Akasema, usijisumbue mama, msichana wangu ameshanichorea."

Ni kweli nilikuchorea. Aprili, mezani kwetu, nikibofya kutoka boma hadi boma. Nilichagua njia fupi inayoshuka bondeni, kwa sababu ramani ilikuwa na daraja. Mto ulilibeba daraja hilo zamani, na Kiirua nzima inajua. Ulifika mtoni, ukarudi, ukazunguka. Ulipofika kwake, ng'ombe na ndama walikuwa wameshakufa. Hakuwa na mwingine.

Hata yeye nilimtilia shaka. Niliiweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaitafuta siku hiyo. Mstari upo, mzima kabisa. Unashuka bondeni, unasimama, unarudi. Ulikuwapo muda wote, ila mimi nilikuwa natafuta palipokatika tu. Jioni ile nilikupigia simu kukuuliza njia zangu zikoje. Ulisema, "Ziko sawa kabisa, mwalimu."

Tangu siku hiyo ulimpelekea maziwa ya ng'ombe wetu kila Alhamisi, lita mbili. Mama Kagendo akaniambia, "Alisema akija na hiyo mashine imewashwa, wewe utaona, na utauliza."

Kumbe uliyekuwa ukimficha ni mimi.

Bado nina hasira, Baba. Ulinikinga mimi, ukaiacha njia mbovu humo ndani. Ushirika wa maziwa uliitaka kompyuta kwa ajili ya daktari mpya. Angepigiwa simu, angefuata mstari wangu hadi mtoni, na ng'ombe wa mtu mwingine angekuwa chini anakata roho. Ulifikiria hilo? Au ulinipenda ukasahau?

Pumzika hata hivyo. Nakuahidi, mtu akianza kunieleza njia nitamwacha amalize, hata kama naijua.

Nimetumia Jumamosi sita kupita kila njia niliyokuchorea nikiwa nimekaa mezani, nikisimama na kuuliza. Tatu zilikuwa mbaya. Nimezifuta. Jumamosi ya mwisho nilimpeleka Mama, amepakata chupa ya maziwa. Nilikuwa nimeshamweleza yote. Tulipofika kwenye kinu akateremsha kioo, akawauliza wale wa boda njia ya kwa Mama Kagendo. Kidude sikukichomoa. Mstari sasa unafika mlangoni kwake, na kwenye nukta nimeandika jina lake, na chini yake: uliza kwenye kinu.

Jumatatu nimemkabidhi daktari mpya kompyuta yako.

Binti yako,
Kendi