Udongo wa Juu

4 Machi

Mwanangu Profesa,

Sisi wazima, ila goti la mama yako siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wewe je, baridi ya huko imekuachia meno? Andika, usipige. Simu yetu ilitumbukia kwenye ndoo.

Shamba limetugomea. Maharage yamedumaa, majani yana kijani kilichokoza kama yamepakwa rangi, na maua ni mawili matatu basi. Shamba lenyewe ni hilo hilo moja, na huu ni msimu wa pili tunakula ya dukani. Wewe unayelipwa kuosha mizizi (mama yako bado anacheka, anasema ungeosha ya hapa bila kusoma miaka yote ile), hebu iulize hii miche mitatu niliyoifunga kwenye gazeti inataka nini.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Mpe mama pole ya goti. Meno yangu yote yapo. Naandika nimesimama, mwenzangu anapita posta sasa hivi na ameshavaa koti.

Miche imefika. Nimeiloweka, nimeiosha, nimeitandaza kwenye kioo. Mizizi yote imekimbilia juu, inatambaa kwenye udongo wa juu tu, haishuki. Shamba limepungukiwa fosforasi, chakula ambacho mmea ukikikosa hudumaa. Nitaeleza vizuri wiki ijayo.

Mwanao

29 Aprili

Profesa wangu,

Hatujambo, goti limetulia. Yako fupi imefika, ile ndefu bado naisubiri. Lakini hata hiyo fupi imetosha.

“Haishuki.” Nimelitafuna neno hilo siku mbili mpaka nikaelewa: udongo wa juu umechoka, nao umeing'ang'ania mizizi. Basi fundi wa matofali alikuwa akizunguka anatafuta udongo. Nikamwambia chukua wa juu, futi moja, uniachie wa chini. Amemaliza juzi. Shamba limeshuka kama kitanda kilichotolewa godoro, na jembe sasa linakutana na udongo mwekundu ambao haujaguswa tangu dunia iumbwe. Mizizi itake isitake, itashuka!

Naye anatupa theluthi ya matofali. Nitakujengea chumba, ukirudi usilale tena na magunia. Mama yako anataka dirisha kubwa, mimi nataka dogo, kwa hiyo litakuwa kubwa.

Baba yako

30 Aprili

Shikamoo baba,

Natumai mu wazima wote. Nilisema wiki ijayo, nimekaa mwezi. Nisamehe, tulikuwa na miche mia tatu ya kuosha na mikono ni hii yangu miwili tu.

Sasa sikiliza habari njema. Mizizi yako haijapotea njia. Ina akili kuliko sisi hapa maabara. Fosforasi haitembei kwenye udongo, hukaa pale ilipo, na ile inayolika iko juu, kwenye samadi na majani yaliyooza. Ya chini imeshikwa na ule udongo mwekundu, haiachiwi. Kwa hiyo mmea wenye njaa hutandaza mizizi juu, huiotesha vinyweleo vingi virefu, hata hutema asidi kidogo ili udongo uachie. Tabia hiyo tunaitafuta hapa mwaka wa nne, na maharage yako wewe yanayo!

Palilia juu juu tu, usiikate. Ongeza samadi. Shibiri moja ya juu ndiyo ghala lako, baba, hakuna jingine.

Mwanao

27 Mei

Baba,

Shikamoo. Yako ya tarehe 29 imefika leo. Nimepiga simu ya mwenye duka wa hapo jirani mara nne, haipatikani. Kama tanuri halijawashwa, rudisheni udongo. Rudisheni hata kwa ndoo. Mwambie fundi nitamlipa mimi.

Kosa ni langu. Niliandika nimesimama.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Zako mbili zilifika siku moja, nikaisoma ya pili kwanza.

Tanuri lilikuwa limeshapoa. Chumba kimefika kwenye mtambaa panya, kimebakia paa tu. Nilikuwa nimepanda tayari, na maharage yameota, yana majani mawili, yamesimama hapo wiki tatu. Nilichimba moja. Mizizi imetambaa juu, vilevile, inatafuta. Nikaifukia, niliona haya kuitazama.

Usijilaumu. Wewe uliandika, mimi nikajifanya najua kusoma. Mama yako sijamwambia. Anapaka chokaa upande wa ndani na anaimba.

Lakini nimewaza jambo. Udongo haujaenda mbali, uko ukutani. Nilitoa tofali moja nyuma, ambako hataona, nikalitwanga mpaka likawa unga, nikaliweka kwenye mashina kumi. Nikatwanga na la pili. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: tofali likisagwa vizuri sana, udongo unarudi kuwa udongo? Nikipata jibu nitabomoa chumba chote, nitamkabili mama yako baadaye.

Kama jibu ni hapana, usiliandike. Niandikie habari za kazi tu.

Baba yako

20 Julai

Shikamoo baba,

Natumai wewe na mama hamjambo. Mimi mzima.

Kazini tunaendelea. Tumeletewa mabeseni mapya, marefu kidogo, mgongo hauumi kama zamani. Wiki hii nimeosha miche mia mbili na kumi. Maji yanaanza mekundu, unamwaga, unajaza tena, mpaka yawe meupe na uone kila kinyweleo. Mkuu wetu amesifu picha zangu, anasema ziko wazi sana. Yule mwenzangu wa posta amehamia jengo jingine, siku hizi barua napeleka mwenyewe kwa miguu.

Mvua hapa imenyesha tangu Jumatatu.

Habari za kazi ndizo hizo, baba.

Mwanao