Mionzi Iliyokuchukua, Dada Rehema

Dada Rehema,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, ila mdomo umezoea.

Tangu tukuzike, mama hatoki nyumbani. Kamba zetu za kulimia mwani zimeoza majini. Anasema akifika pale atakuona umeinama kando yake, ngozi yako nyeupe imeiva kwa jua, nawe unacheka. Sisi wengine jua lilituchosha tu. Wewe uliyezaliwa na ualbino lilikuunguza, na kile kidonda cha sikioni tulikipaka mafuta ya nazi tukingoja kipone.

Nakumbuka daktari wa Tanga mjini alivyotueleza. Mwanga tunaouona ni sehemu ndogo, alisema. Kuna mwingine usioonekana: unaoleta redio na simu, unaopiga picha za mifupa, na ule wa jua unaochoma ngozi hata kukiwa na mawingu. Wote ni ukoo mmoja, wamepishana nguvu tu.

Ukacheka. "Kumbe taarabu ya redioni na kidonda changu ni ndugu!"

Mimi nilitoka nje nikalia.

Kule Dar es Salaam wakakutibu saratani hiyo kwa mionzi. Uliniuliza, "Iliyonila ndiyo hiyo hiyo inayoniponya?" Nikakujibu kwamba hii inalengwa penye ugonjwa. Lakini ugonjwa ulikwishashuka shingoni, dada. Tulichelewa.

Mama alipopiga simu ulimwambia, "Nimekula wali na samaki, mama, nimeshiba." Sahani ilikuwa mapajani mwangu, hujaigusa. Mpaka leo sijamwambia. Dada, sijui nitaweza vipi...

Juzi jirani yetu Mwanahamisi alijifungua binti mwenye ualbino. Jana asubuhi alimlaza uani aote jua, kama tunavyowafanyia watoto wote. Mama alimwona kupitia dirisha. Akatoka mbio, kichwa wazi, akamnyanyua yule mtoto akaingia naye ndani.

"Huyu asianikwe!" alipiga kelele. "Huyu asianikwe, mwanangu!"

Kisha akakaa chini, mtoto kifuani, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko. Mwanahamisi naye akalia. Nikawaeleza yote aliyotueleza daktari: kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga ngozi, kliniki mapema kikitokea kipele chochote.

Nakuahidi, mtoto huyu nitamfuatilia mpaka awe mtu mzima. Hakuna atakayemtuma kwenye mwani mchana.

Pumzika, dada yangu. Mungu akupe kivuli.

Mdogo wako,
Saumu